Nakala ya Pili Ikae Wapi?

Ofisi ndogo ya Robanda inayopokea wageni wa Serengeti huweka madeni, mishahara na amana za watu katika kompyuta moja. Radi moja yatosha kuvipoteza vyote. Wengi hununua diski ya nje, kisha huiacha imechomekwa usiku na mchana. Umeme ukizidi au virusi vikiingia, nakala huangamia pamoja na asili yake. Afadhali diski mbili za bei nafuu, zipokezane kila Ijumaa: moja ofisini, imechomolewa, nyingine Mugumu kwa mtu mwaminifu, imefungwa kwa neno la siri. Google hutoa GB 15 bure: zatosha hesabu na mikataba, ila picha za simba zitazijaza upesi. Na kila mwezi fungua faili moja kutoka kwenye nakala, uone kama linasomeka.