Soo Mbili kwa Kiko cha Mzee? Zii, Buda

Kuna tabia imeingia huku Garsen na naona watu wanaipigia makofi. Broka anakuja na bodaboda, anapita kijiji hadi kijiji akiuliza wazee kama wana viko vya zamani. Anatoa soo mbili, akikazwa anaongeza moja, anasepa. Wiki hiyo hiyo kiko kiko Instagram juu ya kitambaa cheupe, bei "njoo DM", na maelezo ni mawili tu: kiko, Pwani. Wewe wa Nairobi unanunua, unakiweka kwenye rafu kando ya mmea wako, sasa unaitwa mkusanyaji.

Mimi pia nanunua. Ninavyo saba, vyote mtumba, na sivuti. Kwa hivyo msinijie na ile ya "unaonea watu wivu".

Shida yangu ni kununua bila kuuliza kitu. Chukua kiko cha maji cha hapa Pwani. Fungua kamusi ya Johnson ya 1939 utapata kila sehemu ina jina lake. Bori ndiyo inashika tumbaku. Digali ni bomba la kutoka kwa bori hadi kwenye maji. Kiko chenyewe ni kile chombo cha maji, mara nyingi kifuu cha nazi. Shilamu ndiyo unaweka mdomoni. Hata ile sauti ya maji yakigugumia ina jina: malio. Mazee, watu walipa sauti jina! Sasa uliza yule broka digali ni gani. Ataangalia simu.

Mnasema mnaokoa turathi. Unaokoaje kitu ambacho hujui kilitengenezwa na nani, wapi, na nani alikivuta? Kiko bila hayo ni kijiti na udongo.

Na usingoje serikali. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalinda vitu vya kale, lakini vya kale kwake ni vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kiko ambacho mzee alichonga akiwa kijana hakimo humo. Kinapita tu.

Watu wa Tana River tunajua hii sinema. Ngadji, ile ngoma takatifu ya Wapokomo, ilichukuliwa na maafisa wa kikoloni 1902, na tangu 1908 iko British Museum, London, stoo. Wazee wameiomba irudi, bado iko huko. Vigango viwili vya familia moja ya Wagiriama viliibwa 1985, vikarudi kutoka Marekani 2007, na vilirudi kwa sababu kulikuwa na picha na watu waliojua ni vya nani. Kiko chako cha "Pwani" kikipotea, nani atakitambua?

Najua komenti inayokuja: "mzee anataka pesa, wacha auze." Sawa, auze! Mafuriko ya Tana yakibeba shamba, kiko hakiliki. Lakini kama unajua utauza kwa elfu kadhaa, soo mbili si biashara, ni kumchezea mtu aliye na njaa. Mlipe vizuri. Kisha kaa chini kwa mkeka, muulize. Jina la aliyekichonga, mti gani, tumbaku ilitoka wapi. Akikubali mrekodi, na hiyo rekodi iachie wajukuu wake, kwa simu zao, si kwa chaneli yako peke yake. Akikataa kuuza, mwamkie uende zako. Hiyo ya kurudi mara tatu ukiongeza hamsini hamsini ni aibu.

Mimi kati ya saba zangu nina vinne vyenye majina. Vitatu nilivipata sokoni na muuzaji hakujua lolote. Hivyo sitaviposti kama vya Tana hadi nipate mzee anayevitambua. Na wale mabroka mnaonifuata hapa, tukutane stejini Garsen. Nitauliza swali moja tu: bori ni gani?