Waya Uokoao Moyo Nao Wahitaji Kuchungwa

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo, kikulacho ki kifuani, nacho ni kile kile kilichowaokoa.

Mnamo Oktoba 8, 1958, mjini Stockholm, daktari Åke Senning alimpachika Arne Larsson kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, cha kwanza kutiwa mwilini mwa binadamu. Kifaa hicho kilidumu saa chache tu. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20, akaishi hadi 2001. Aliishi kwa sababu hakusahauliwa.

Siku hizi, aghalabu waya wa kifaa hicho hupitishwa mshipani, ukavuka vali iliyo baina ya vyumba viwili vya kulia vya moyo. Vali hiyo ina vijipande vitatu vifungavyo kama milango ili damu isirudi nyuma. Waya ukikisukuma kijipande kimoja, ukakitoboa au ukagandamana nacho kwa kovu, mlango haufungiki sawasawa. Damu ikirudi kwa wingi, miguu na tumbo huvimba, na mgonjwa huishiwa na nguvu.

Tiba yake ina mitego. Dawa za kuongeza mkojo hupunguza uvimbe, lakini haziirekebishi vali. Kuung'oa waya uliokaa miaka mingi kwaweza kuichana vali au mshipa. Kungoja nako huuacha moyo utanuke, hata vali isifungike tena waya ukiondolewa. Mwaka 2024, Marekani iliidhinisha vali bandia ipitishwayo mshipani bila kupasua kifua. Hata hivyo, vali hiyo huubana waya ukutani mwa moyo. Waya ukiingiwa na viini baadaye, kuutoa huwa muhali.

Yamkini mtu atauliza, mbona wasitumie vifaa visivyo na waya? Vipo, na Marekani iliidhinisha cha kwanza mwaka 2016, ila havimfai kila mgonjwa.

Hapana budi, basi, kuwahi. Moyo upigwe picha kwa mawimbi ya sauti kabla ya waya kuingizwa na baada yake. Aliyepachikwa kifaa akivimba miguu, asiambiwe ni uzee kabla vali haijachunguzwa. Hospitali impachikayo mgonjwa kifaa kisha ikamwacha ajiendee zake, imefanya nusu ya kazi.