Kodi ya Mwenye Kipato Kikubwa Humfikia Nani?

Kila mwaka, siku za bajeti zinapokaribia, katika mikusanyiko ya Jumuiya zetu Ndogo Ndogo husikika hoja moja: wenye mishahara minono watozwe zaidi, ili mnyonge apate kupumua. Hoja hiyo ni ya haki, nasi tunaiunga mkono. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, alifundisha kwamba mzigo wa kodi sharti ulingane na uwezo wa anayeubeba. Walakini, kuutaja uwezo ni jambo moja na kuufikia ni jambo jingine. Kodi huweza kuandikwa kwa jina la tajiri, ikalipwa na mtu asiyetajwa mahali popote katika sheria.

Kwanza tuulizane mwenye kipato kikubwa ni nani. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2021, ngazi ya juu kabisa ya kodi ya mishahara huanzia shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kila shilingi inayozidi hapo hukatwa senti 30. Maana yake, mwalimu mkuu anayepata milioni mbili na mkurugenzi anayepata milioni ishirini wamesimama juu ya ngazi moja. Tuseme kiwango hicho kinapandishwa hadi asilimia 35. Mwalimu ataongeza shilingi 50,000 kila mwezi, na mkurugenzi 950,000. Kwenye karatasi, hesabu inapendeza.

Lakini mshahara wa mwalimu hukatwa kabla haujamfikia mkononi. Hana pa kujisogeza. Mkurugenzi anapo. Riba ya amana yake benki hutozwa asilimia 10 tu, gari la kampuni analoliendesha hukadiriwa kwa thamani ndogo kuliko gharama yake halisi, na marupurupu yana majina mengi. Kwa hiyo kodi iliyokusudiwa kumpata yeye humkamata barabara yule wa milioni mbili. Na huyo hatazitoa zile 50,000 hewani. Zilikwisha kupangiwa kazi: ada ya mtoto wa dada yake, dawa za mama aliyeko Sengerema, ujira wa binti anayemsaidia kazi za nyumbani. Ada haipunguzwi na dawa haziahirishwi. Hupunguzwa binti. Huyo hana hati ya mshahara, na hakuna daftari la mamlaka ya mapato litakaloonyesha kwamba ndiye aliyelipa.

Jambo la namna hii tumeliona kwa macho hapa Nyegezi katika kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, zikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Sheria inamlenga mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji: mpiga debe wa stendi, mama muuza dagaa, mwanafunzi wa chuo aliyejibana katika chumba kimoja. Ilielezwa kwamba mpangaji aweza kumdai mwenye nyumba fedha hiyo. Ni nani atakayeshindana na mwenye nyumba kwa ajili ya shilingi 1,500, na mwezi ujao amwombe amvumilie kodi ya pango? Penye mita moja na wapangaji watano, ugomvi huwa wa wapangaji wao kwa wao.

Wapo watakaosema: basi wakubwa waachwe kama walivyo. Hatukubali, kwa maana tumeona pia kinachotokea wanapoachwa. Bajeti ya mwaka 2021/22 ilipunguza kiwango cha ngazi ya chini ya mishahara kutoka asilimia 9 hadi 8. Mfanyakazi wa shilingi 520,000 akapata nafuu ya shilingi 2,500 kwa mwezi. Bajeti hiyo hiyo ilileta tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, ikaongeza na shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli. Asilimia 30 ya juu haikuguswa. Malalamiko yalipozidi, tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba 2021, na baadaye ikalegezwa zaidi. Nafuu aliyopewa mnyonge aliigharimia yeye mwenyewe, kila alipomtumia mzazi wake fedha na kila alipopanda daladala.

Jirani zetu wa Kenya walithubutu kidogo. Sheria yao ya Fedha ya mwaka 2023 iliongeza ngazi mbili mpya: asilimia 32.5 kwa kipato kinachozidi shilingi 500,000 za Kenya kwa mwezi, na 35 kwa kinachozidi 800,000. Hapo mwalimu wa kawaida haguswi, nasi tunalisifu hilo. Lakini sheria hiyo hiyo ilipandisha Kodi ya Ongezeko la Thamani katika mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na mafuta hununuliwa na wote.

Sisi wenyewe tuna historia. Mwaka 1966 Mwalimu Nyerere alipoamua kuishusha mishahara ya wakubwa, alipunguza na wa kwake kwa asilimia 20. Pengo kati ya mshahara wa juu na wa chini katika utumishi wa umma lilipungua sana katika miaka iliyofuata. Hata hivyo wazazi wetu wanazikumbuka foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mkubwa alikuwa amepungukiwa, na mdogo hakushiba.

Kwa hiyo hatuombi asilimia 30 ipandishwe kwa kila aliyevuka milioni moja. Tunaomba ngazi mpya, iliyo mbali juu ya mshahara wa mwalimu na muuguzi. Riba kubwa na marupurupu yapimwe kwa ngazi hiyo hiyo. Na kinachopatikana kitumike kushusha kodi iliyomo katika mafuta na sabuni. Viongozi wa walei katika parokia za Nyamagana wamwulize mbunge wao kabla ya Juni: ngazi hiyo ianzie shilingi ngapi, na ni bei ya kitu gani sokoni itakayoshuka kwa sababu yake?