Gemu ya Steam ni usajili wa mkopo, mashabiki waambiwe mwisho wake

Tangu Oktoba 2024, shabiki anayeingia duka la Steam kununua gemu ya soka hukutana na sentensi moja fupi kabla ya kulipa. Inasema malipo hayo yanampa leseni ya bidhaa. Wengi hawaisomi. Wanabonyeza, wanalipa, wanasubiri mzigo ushuke. Lakini sentensi hiyo ndiyo mkataba wenyewe, na kwa lugha ya usajili maana yake ni kwamba mchezaji amekuja kwa mkopo. Hajanunuliwa.

Iko hivi. Steam ni duka la gemu za kompyuta la kampuni ya Valve ya Marekani, lilianza Septemba 2003. Mwanzoni kazi yake kubwa ilikuwa kusambaza marekebisho ya gemu za Valve wenyewe kama Counter-Strike, na watu walililalamikia sana, hasa 2004 ilipotoka Half-Life 2 na hata aliyenunua diski dukani akalazimika kujisajili Steam ndipo acheze. Leo kelele hizo zimekwisha. Mwaka 2025 duka hilo lilipita watu milioni 40 waliokuwa ndani kwa wakati mmoja. Mtengenezaji anapeleka gemu yake pale, Valve kwa kawaida inakata asilimia 30 ya mauzo, zinazobaki zinarudi kwake.

Ile sentensi ya leseni haikuletwa na huruma. Jimbo la California lilipitisha sheria, ikaanza kutumika Januari 2025, inayobana maduka ya kidijitali yasimwambie mteja "nunua" bila kumweleza kwamba anachopata ni leseni. Valve ikaweka tangazo mapema, na kwa hilo wapewe haki yao. Shida ni kwamba tangazo limeishia njiani. Linasema huu ni mkopo, halisemi unaisha lini.

Kwa gemu nyingine hilo linaweza lisiume sana. Kwa soka linauma, maana gemu ya soka imejengwa juu ya leseni za watu wengine: jina la ligi, nembo za klabu, jezi, viwanja, sura za wachezaji. Kila kimoja kina mkataba, na mkataba una mwisho. EA ilitumia jina la FIFA kwa karibu miaka 30, tangu 1993. Mei 2022 ikatangazwa kwamba ndoa hiyo imefika mwisho, na FIFA 23 ikawa toleo la kufungia. Septemba 2023, siku chache kabla ya EA Sports FC 24 kuingia sokoni, FIFA 23 na matoleo ya nyuma yake yakaondolewa kwenye maduka ya kidijitali, Steam ikiwemo. Aliyekuwa ameshalipa alibaki nayo kwenye akaunti. Aliyekuwa bado anadunduliza ndiyo ikawa imetoka.

Na huyo aliyebaki nayo asishangilie sana. Ultimate Team inachezwa kwa intaneti tu, ikitegemea seva za EA. Siku seva zikizimwa, kikosi chote kinaondoka, pamoja na hela zilizotumika kufungua pakiti kumsaka Mbappe. Mchezaji aliyepatikana humo mwaka huu hahamii toleo la mwakani. Shabiki anaanza upya kila Septemba, kama timu iliyopanda daraja na kuuza kikosi kizima. Akaunti yenyewe nayo, kwa masharti ya Steam, hairuhusiwi kuuzwa wala kupewa mtu mwingine. Diski ya Winning Eleven ilipita mikono kumi, ikatoka kibanda kimoja cha gemu kwenda kingine, ikikwama inafutwa na fulana, mechi inaendelea. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuizima kutoka Marekani.

Haina maana Steam ni adui wa shabiki. Kuna jambo moja ambalo duka hili linafanya vizuri kuliko klabu nyingi zinavyowatendea mashabiki wake. Tangu Juni 2015, mteja anaweza kuirudisha gemu na kudai hela yake ndani ya siku 14, mradi hajacheza zaidi ya saa mbili. Nani amewahi kurudishiwa kiingilio baada ya suluhu ya kusinzia? (Ingawa saa mbili za Football Manager ni chache mno, mtu anakuwa bado anahangaika na beki wa kushoto, hata mechi ya kirafiki hajacheza.)

Kuna na ukurasa wa maoni. Mteja anaandika anachofikiri, mwenye gemu hawezi kumfuta kirahisi. Konami waliliona hilo Septemba 2021 walipoachana na PES na kuleta eFootball ya bure. Nyuso zilikuwa za kutisha, mpira haueleweki unakokwenda, na ndani ya muda mfupi ikawa miongoni mwa gemu zilizosemwa vibaya kuliko zote Steam. Konami wakaomba radhi hadharani. Sports Interactive nao wameonja. Februari 2025 waliifuta kabisa Football Manager 2025 baada ya kuiahirisha mara kadhaa, waliokuwa wamelipia mapema wakarudishiwa, na Football Manager 26 ilipofika Novemba ikapokelewa na maoni mengi ya hasira kuhusu muonekano wake mpya. Presha hiyo hufanya kazi. Kampuni huisikia kwa sababu inaonekana palepale penye kitufe cha kulipia.

Presha hiyohiyo sasa inatakiwa kwenye suala la muda. Ulaya wameanza. Ubisoft walipozima seva za The Crew, gemu ya magari, mwishoni mwa Machi 2024, hata aliyeilipia akawa hana cha kucheza. Kampeni ya Stop Killing Games ikazaliwa hapo, na Julai 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja. Wanachodai ni gemu iachwe katika hali ya kuchezeka hata baada ya kampuni kuondoka. Mashabiki wa soka wangepaswa kuwa mstari wa mbele kwenye dai hilo, maana wao wanalipishwa upya kila mwaka.

Kwa shabiki wa Dar es Salaam au Mombasa uzito ni mara mbili. Steam haiuzi kwa shilingi ya Tanzania wala ya Kenya, inauza kwa dola, wakati Afrika Kusini wanalipa kwa randi. EA Sports FC 26 ilitoka kwa dola 69.99. Piga hesabu kwa dola ya leo, ni viingilio vingapi vya mzunguko. Na kwa fedha hiyo ligi ya nyumbani haimo. Hata Football Manager, yenye ligi kibao, kwa miaka mingi kutoka Afrika imekuwa na Afrika Kusini tu ya kuchezeka. Anayetaka kuifundisha Simba au Yanga kwenye ligi yao anategemea mafaili yanayotengenezwa na mashabiki wenzake kwa kujitolea.

Dai lenyewe si kubwa. EA, Konami na wengine wanajua leseni zao za ligi zinaisha lini, na wanaopanga seva wanajua wanakusudia kuziweka hewani kwa muda gani. Waandike. Valve, ambao ndio wenye duka na wanaokata asilimia zao, wawalazimishe waandike. Kuelekea mwisho wa msimu gemu hizi hushushwa bei sana, na hapo ndipo wenye mifuko midogo huingia kununua. Pembeni ya namba ile ya kijani ya punguzo nafasi ipo ya kutosha kuweka tarehe.