Maoni Yetu: Tuache Kukimbilia Root

Kazi ya cron ikigoma usiku, mafundi wengi hufanya moja kati ya mambo mawili asubuhi: huihamishia kazi kwa root, au hupiga chmod 777 kwenye skripti na folda yake. Kazi inakwenda, wakubwa wanaridhika, na seva imebaki wazi. Tabia hii ikome.

Skripti inayoendeshwa na root huku kila mtumiaji akiwa na ruhusa ya kuiandika ni hatari kubwa. Mwenye akaunti ya kawaida, au aliyemwibia nywila, anaongeza mstari mmoja tu. Saa ikifika, cron inamtekelezea mstari huo kwa mamlaka yote ya mashine. Hahitaji kuvunja chochote. Kwenye seva inayotunza taarifa za wagonjwa au akiba za wanachama wa SACCOS, hilo halivumiliki.

Tena, hiyo 777 mara nyingine haisaidii hata kidogo. Kwenye Debian, faili lililo ndani ya /etc/cron.d lazima limilikiwe na root, na lisiandikike na kundi wala watu wengine. Ukililegeza, cron inalikataa. Fundi anazidi kufungua milango, na kazi inazidi kugoma.

Swali la kwanza liwe: kazi hii inaendeshwa kwa jina la nani? Crontab unayoihariri kwa crontab -e huendesha kazi kwa jina la mwenyewe. Lakini /etc/crontab na mafaili ya /etc/cron.d yana safu ya sita, ya jina la mtumiaji, baada ya zile tano za muda. Ukihamisha mstari kutoka huku kwenda kule bila kuigusa safu hiyo, jina litasomwa kama amri, au amri kama jina. Makosa mengi yanayoitwa ya ruhusa huanzia hapa.

Ukishamjua mtumiaji, ijaribu kazi kwa jina lake kwa sudo -u, si kwa jina lako. Usikague faili la mwisho peke yake. Kila folda iliyo njiani lazima impe ruhusa ya kupita, ile x. Folda moja ya juu yenye 700 inatosha kumzuia. Kumbuka pia kwamba cron haibebi mazingira ya kikao chako. PATH yake ni fupi, kwa hiyo andika njia kamili ya kila amri.

Kama mtumiaji anakataliwa hata kuifungua crontab, angalia /etc/cron.allow. Faili hilo likiwapo, asiyeandikwa humo haruhusiwi. Lisipokuwapo, tazama cron.deny. Na kama kazi iliyokwenda vizuri kwa miezi imekatika ghafla bila mtu kuigusa, chunguza muda wa nywila ya akaunti hiyo: ukiisha, PAM inaweza kuizuia kazi. Kumbukumbu za mfumo, kwa journalctl au ndani ya /var/log, husema hivyo waziwazi, ila ni wachache wanaozifungua kabla ya kuandika chmod.

Wakuu wa vitengo vya TEHAMA wana wajibu hapa. Kazi ya kunakili hifadhidata ipewe akaunti yake, isiyoweza kufanya jambo jingine. Ikihitaji kusoma folda ya idara nyingine, iingizwe kwenye kundi la idara hiyo. Ikihitaji amri moja ya root, iruhusiwe amri hiyo moja kwenye sudoers.

Na wiki hii waendeshe sudo crontab -l, wapitie /etc/crontab na /etc/cron.d, kisha wapige ls -l kwa kila skripti ya root watakayoikuta humo. Waikague na folda inayoibeba, maana mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda anaweza kuiondoa skripti na kuweka yake.