Ile "mbegu" ya muhogo si mbegu

Wamama, juma hili tuongee maneno mawili ya shambani: mbegu na jicho.

Sisi wote huku Kasongo na Kabambare tunasema "mbegu ya muhogo" na tunaonyesha kijiti. Lakini mbegu ya kweli inatoka katika ua, kama ya lengalenga. Kile kijiti ni kipande cha shina. Shida iko hapo: mbegu ya kweli inazaa mmea mpya, lakini kijiti ni mama yule yule, pamoja na ugonjwa wake. Ukikata kwenye muhogo wenye mozaiki, ule wa majani yaliyojikunja na madoa ya manjano, unapanda mozaiki. Inzi weupe wadogo wanaueneza pia, na hao ni vigumu kuwazuia. Kijiti tunakichagua wenyewe.

Kwa hiyo tupite shambani mapema, tufunge kamba kwenye mihogo isiyo na ugonjwa. Majani yakiisha kuchumwa kwa sombe, nani atamtambua mgonjwa? Na jirani akikuletea mzigo wa vijiti bure, uliza kwanza majani yake yalikuwaje. Si dharau.

Jicho ni kile kifundo kidogo juu ya kovu la jani lililoanguka. Ndipo chipukizi linatoka. Tukate kijiti cha sentimeta 20 hadi 25, chenye macho 5 au zaidi, katikati ya shina lililokomaa. Ncha laini inakauka haraka. Macho yaangalie juu.

Juma lijalo tutang'oa karanga, tuone vile vinundu vya mizizi.