Mali Bila Daftari



Sisi tunaosoma kompyuta hapa Louisville tuna ugonjwa mmoja: kurekebisha tunajua, kuandika hatutaki. Jamaa anaingia kwenye seva ya Linux, anafungua faili ndani ya /etc, anabadili namba mbili, mambo yanakwenda, basi, kwisha habari. Akimaliza digrii anahamia Dallas. Aliyerithi seva anakuta named.conf, named.conf.old, named.conf.old2 na named.conf.mwisho. Lipi ni lipi? Mungu ndiye ajuaye.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: daftari lenyewe liandike sababu. Kilichobadilika mashine itakuonyesha. Git ipo tangu 2005, na mwaka 2007 Joey Hess alitoa etckeeper, mahsusi kwa kutunza historia ya /etc. Zitumieni. Lakini hakuna programu itakayojua kwamba poti 8080 ilifunguliwa kwa jaribio la wiki moja tu.

Chukua faili la zoni la DNS. Kila ukilibadili lazima uongeze namba yake ya mfululizo, la sivyo seva za pili hazichukui mabadiliko. Wengi huitunga kwa tarehe, kwa mfano 2024051201. Asiyejua desturi hiyo akaandika 5, ameirudisha nyuma, na seva za pili zitampuuza. Atakesha akitafuta kosa, kumbe mstari mmoja wa maelezo ungetosha!

Nyumbani ndiko hasara inakouma zaidi. AfNOG imefundisha wasimamizi wa mitandao wa Afrika tangu 2000: Kampala 2003, Nairobi 2006, Dar es Salaam 2011. Kazi nzuri sana. Lakini ofisi ikiwa na fundi mmoja, na yote yamo kichwani mwake, siku akipata mshahara mnono kwingine inabaki mashine ambayo hakuna anayethubutu kuigusa.

Wapo watakaosema maelezo yawe Kiingereza, lugha ya kompyuta. Jamani, mstari wa maelezo mashine inauruka tu, hata ukiuandika Kihaya! Anayeusoma ni binadamu. Na hapa Beechmont, atakayekurithi anaweza kuwa mtu wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa. Mnachoelewana ni Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kama Kiswahili kilitosha kwenye menyu, kwenye maelezo kitashindwaje?

Kwa hiyo naomba mambo manne kila mnapogusa faili: tarehe, jina lako, sababu, na namna ya kurudisha hali ya awali. Paswedi msiziweke humo, tafadhali. Ni dakika mbili tu, bwana. Ukishindwa dakika mbili, usiguse faili la watu.